Kumhamisha mtoto kutoka shule ya serikali kwenda shule ndogo ya kanisa: mwongozo wa mzazi wa Tanga

Mzazi anayemtoa mtoto shule ya msingi ya serikali pale Ngamiani au Makorora na kumpeleka shule ndogo ya kanisa hujiandaa kwa mambo matatu: ada, sare na Kiingereza. Yote ni ya kweli, na yote yana dawa. Linalowatesa watoto wengi muhula wa kwanza ni jambo jingine, na halimo kwenye fomu ya kujiunga: ni kuonekana. Katika darasa la watoto tisini, mtoto anaweza kumaliza wiki dawati la nyuma bila mwalimu kumtaja jina. Katika darasa la watoto kumi na wanane, dawati la nyuma halipo. Asipofumba macho wakati wa sala anaonekana. Asipomaliza chakula anaonekana. Akikwama kwenye neno wakati wa kusoma kwa sauti, darasa zima linanyamaza kumsubiri.

Kwa hiyo hatua nyingi zilizomo humu zinalenga hapo: kumzoesha mtoto kuonekana, na kukuzoesha wewe mzazi kufahamika kwa jina na mlinzi, mhasibu na mchungaji. Nimemfikiria zaidi mtoto wa shule ya kutwa anayehama katikati, tuseme anamaliza la nne na kuingia la tano.

Hatua ya kwanza: nenda shuleni kabla hujachukua fomu

Usiende siku waliyowaalika wazazi kwa turubai na muziki. Nenda siku ya kawaida, saa moja asubuhi, watoto wakiwa mstarini. Omba ruhusa ofisini, simama pembeni, tazama. Mtoto aliyechelewa anapokelewaje? Walimu wanawaita watoto kwa majina, au kwa “wewe, wewe”? Sala inaongozwa na mwalimu au na watoto wenyewe kwa zamu? Kama ni kwa zamu, fahamu kwamba zamu ya mwanao itafika, pengine kabla mwezi haujaisha, na itakuwa kwa Kiingereza.

Kisha uliza. Shule ni ya kanisa gani hasa? “Ni ya Kikristo” halijatosha kuwa jibu, na nitarudi kwenye hili. Namba ya usajili wa Wizara ya Elimu ni ipi, na watoto wa darasa la saba wanafanyia wapi mtihani wa taifa? Shule ndogo nyingine bado hazina kituo chake.

Shule inaishia darasa la ngapi kwa sasa? Shule changa hupanda darasa moja kila mwaka. Ukimwingiza mwanao kwenye darasa la juu kabisa, ataendelea kuwa darasa la juu mpaka amalize. Hana kaka wala dada wa mbele wa kumwonyesha njia, madaftari ya waliotangulia hayapo, na kila jaribio la uongozi linaanza na wao. Baadhi ya watoto hukomaa haraka kwa hali hiyo. Mtoto mwoga, hali hiyo humchosha.

Nani anafundisha Hisabati, na yuko tangu lini? Hili wazazi hawaliulizi, ilhali ndilo la maana kuliko rangi ya majengo. Shule ya serikali yenye walimu ishirini ikiondokewa na mmoja, wenzake wanagawana vipindi. Shule yenye walimu wanane ikiondokewa na wa Hisabati aliyepata ajira ya serikali katikati ya mwaka, watoto wanaweza kukaa wiki kadhaa wakinakili mifano ya kitabuni. Uliza bila aibu ni walimu wangapi waliondoka mwaka uliopita.

La mwisho, hesabu ya darasa lenyewe: wasichana wangapi, wavulana wangapi? Msichana anayeingia darasa lenye wasichana wawili walioshikana tangu chekechea anaingia kwenye mtihani wa urafiki ambao mzazi hawezi kumfanyia.

Hatua ya pili: makaratasi

Hapa pana haraka moja tu ya kuepuka. Usiache kumpeleka mtoto shule ya zamani kwa kuwa umeshalipa mpya. Subiri uhamisho ukamilike. Kila mwanafunzi wa msingi ana namba yake kwenye mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani, na uhamisho unapitia humo, kutoka kwa mwalimu mkuu mmoja kwenda kwa mwingine. Mtoto asipohamishwa kwenye mfumo, mwili unakuwa shule mpya na jina linabaki ya zamani, na utaligundua hilo wakati wa kusajili watahiniwa, wakati mbaya kuliko yote. Kwa sababu hiyohiyo usihamishe mtoto katikati ya darasa la nne au la saba kama huna dharura.

Andaa cheti cha kuzaliwa, ripoti za mihula ya karibuni, picha ndogo, na taarifa za afya kama ana pumu au selimundu. Rudisha vitabu vya shule. Na umpeleke mtoto akamuage mwalimu wake wa darasa. Mwalimu aliyeagwa vizuri ni mlango uliobaki wazi, na huenda ukauhitaji.

Hatua ya tatu: wakikwambia arudi darasa

Baada ya usaili wengi huambiwa: “Ni mtoto mzuri, ila Kiingereza hakijakaa. Tunashauri arudie la nne.” Mzazi anakasirika au anakubali palepale. Vyote viwili ni vibaya.

Omba uone karatasi alizofanya. Kama Hisabati amekosa kwa kuwa hakuelewa maneno ya swali, lakini yale ya tarakimu tupu amepata, tatizo ni lugha, na lugha ya mtoto wa miaka kumi hufunguka ndani ya mihula miwili akisukumwa. Huyo mwombee aingie la tano kwa masharti: masomo ya ziada mchana, na tathmini mwezi wa sita. Kama hata tarakimu tupu zimemshinda, kugawanya hajui na sehemu hazijui, basi kumrudisha ni kumsaidia, maana huko mbele hakuna atakayesimama kumngoja.

Kuna jambo dogo ambalo shule hazilifikirii: kimo. Mtoto mkubwa wa mwili akirudishwa, katika darasa la watoto kumi na wanane ataonekana kama mnazi kwenye shamba la mihogo. Mwambie wewe mwenyewe, nyumbani, kabla hajaiona orodha ya darasa. Na mwambie sababu kwa lugha ya kawaida: “Unarudi mwaka mmoja upate lugha.” Asiyeambiwa sababu hujitungia yake, na atakayojitungia ni kwamba hana akili.

Hatua ya nne: likizo ya Desemba

Shule hufungwa mapema Desemba na kufunguliwa Januari. Mwezi huo unatosha kwa kazi tatu, si zaidi.

Ya kwanza ni daftari la maneno. Chukua daftari, chora mstari katikati. Upande mmoja mtoto aandike maneno anayoyajua tayari kwa Kiswahili kutoka Hisabati na Sayansi: sehemu, kipeo, kigawe kidogo cha shirika, mzingo, usanisinuru, mmeng’enyo. Upande wa pili aandike Kiingereza chake, akikitoa kwenye vitabu vya darasa la tano vya shule mpya, ambavyo utaviazima kwa jirani. Anza na Hisabati, kwa kuwa huko anachojifunza ni jina tu. Hesabu yenyewe anaijua. Mtoto akigundua kwamba “hii naijua, ila inaitwa vingine,” hofu inapungua nusu. Maneno matano kwa siku yanatosha. Ukimpa thelathini atayakariri leo na kuyasahau kesho.

Ya pili ni kusoma kwa sauti mbele ya watu. Si chumbani peke yake: mbele ya bibi, mbele ya wadogo zake, mbele ya mgeni aliyekuja kunywa chai. Ukurasa mmoja kila siku. Akikosea matamshi mwache amalize sentensi ndipo umsahihishe. Mazoezi haya yanamwandaa kusikilizwa, na hilo ndilo litakalomkuta kila siku huko aendako. Bibi hata kama hajui Kiingereza anafaa sana, kwa sababu hatacheka.

Ya tatu ni usingizi. Aliyekuwa akitembea dakika kumi kwenda shule ya mtaani sasa atapandishwa gari la shule. Ukikaa Mikanjuni na shule iko kuelekea Kange au Pongwe, na dereva anaanza mzunguko kwenu, saa kumi na mbili kasorobo alfajiri mtoto anatakiwa awe barabarani, amekunywa chai. Muulize dereva mzunguko unaanzia wapi kabla hujalipia usafiri. Wakati mwingine kuhamia kituo cha mtaa wa pili kunampa mtoto nusu saa ya kulala. Jioni atarudi saa kumi na moja. Kwa joto la Tanga la Januari na Februari, siku hiyo ni ndefu. (Kwa nini shule za mji huu bado zinauza sweta kwenye orodha ya sare, hakuna mhasibu aliyewahi kunieleza nikaelewa.)

Hatua ya tano: dini, sehemu ambayo kila mmoja anadhani anaijua

Shule ya serikali ina kipindi cha dini. Ustadhi anakuja, mwalimu wa dini kutoka kanisani anakuja, watoto wanagawanyika vyumba, kipindi kinakwisha wanarudi kucheza pamoja. Shule ya kanisa haiko hivyo. Dini haina kipindi chake peke yake. Imo kwenye kengele ya asubuhi, kabla ya uji, kabla ya mtihani, kwenye namna ya kumwita mwalimu. Mtoto Mkristo anaweza kushangaa sawa na mtoto Mwislamu kama kanisa la shule si lake.

Chukua salamu. Kwenye shule ya masista mtu mzima akiingia darasani watoto wanasimama: “Tumsifu Yesu Kristo,” na jibu lake ni “Milele na milele, amina.” Kwenye shule ya Kilutheri au ya kipentekoste utasikia “Bwana Yesu asifiwe,” nao wanaitikia “Amina.” Aliyezoea “Shikamoo mwalimu” atabaki mdomo wazi siku ya kwanza. Mfundishe nyumbani ile ya shule yake. Dakika mbili zinatosha.

Chukua Baba Yetu. Wakatoliki wanaimalizia kwenye “utuopoe maovuni,” wakati Waprotestanti wanaendelea na “kwa kuwa ufalme ni wako.” Katikati pia maneno yanatofautiana. Mtoto wa Kianglikana shule ya Kikatoliki atakuja kusikia sauti yake peke yake ikiendelea wakati wenzake wamesema amina. Ni jambo la kuchekesha ukiwa mtu mzima. Ukiwa na miaka kumi, ugenini, si la kuchekesha.

Chukua Amri Kumi, ambazo huulizwa kwenye majaribio. “Usiue” ni amri ya tano kwa Wakatoliki na Walutheri. Kwa Waanglikana, Wasabato na Wapentekoste ni ya sita. Mtoto aliyefundishwa Shule ya Jumapili kwa hesabu moja atakosa alama kwa hesabu nyingine, na ataapa kwamba mwalimu kakosea. Hata Biblia yenyewe: orodha ikisema “aje na Biblia,” uliza ipi, kwa kuwa ya Kikatoliki ina vitabu 73 na ya Kiprotestanti 66. Kitabu cha nyimbo vilevile. Wasabato wana Nyimbo za Kristo, Walutheri wana Tumwabudu Mungu Wetu, wengine wengi Tenzi za Rohoni. Usinunue kwa kukisia.

Kalenda nayo ni ya kanisa. Shule ya Wasabato inafunga kazi kabla jua la Ijumaa halijazama, Jumamosi hakuna tuisheni wala mechi, na nyama ya nguruwe haipo. Nyingi hazipiki hata chai ya majani. Shule ya Kikatoliki ina Misa ndani ya wiki, sala ya Malaika wa Bwana saa sita mchana, rozari mwezi wa tano na wa kumi. Wakati wa komunyo, mtoto asiye Mkatoliki anabaki kwenye benchi. Mwambie mapema kwamba kubaki si adhabu. Wapo wenzake wasiopokea pia, wakiwemo Wakatoliki ambao bado hawajapata komunyo ya kwanza.

Sasa mtoto Mwislamu, maana huu ni mji wa pwani na wazazi Waislamu wanaopeleka watoto shule za kanisa ni wengi na si jambo la ajabu. Maswali manne yaulizwe ofisini, na majibu uyapate kwa maandishi. Kuhudhuria ibada ni lazima, au anaweza kukaa maktaba? Kama ni lazima, anatakiwa kuhudhuria tu au kushiriki? Tofauti ni kubwa: kusimama kwa adabu wakati wenzake wanasali ni jambo moja, kupiga ishara ya msalaba ni jingine. Hijabu inaruhusiwa na sare? Na Ramadhani je, wakati wa chakula cha mchana anakaa wapi? Mwaka 2026 Ramadhani na Kwaresma zilianza wiki moja, na shule yenye busara ingeweza kuitumia nafasi hiyo vizuri.

Katiba, ibara ya 19, inalinda uhuru wa imani. Lakini fomu ya shule binafsi uliyoisaini nayo ina masharti, na kuja kubishana kwa ibara getini mwezi wa tatu hakumsaidii mtoto aliyesimama katikati yenu. Kama masharti hukubaliani nayo, usisaini. Shule nyingine ipo. Ukikubali, andika kwenye fomu, pale penye “maelezo mengine,” kwamba uamuzi wowote wa ubatizo au mafundisho ya kujiunga na kanisa utatoka nyumbani. Shule nyingi hazina neno na hilo.

Madrasa itagongana na gari la shule. Nenda kwa ustadhi mapema mpangane: baada ya magharibi, au Jumamosi na Jumapili asubuhi. Usimwache mtoto aende kuomba ruhusa mwenyewe, kwa kuwa ataulizwa “kwa nini mnamsomesha kwa makafiri,” na hilo ni swali lako wewe, si lake.

Na ukimfundisha sentensi moja ya kusema akilazimishwa kitu asichokielewa, iwe hii: “Mwalimu, naomba nimuulize mzazi wangu kwanza.” Hakuna mwalimu wa maana atakayeikasirikia.

Hatua ya sita: wiki ya kwanza

Mpeleke mwenyewe siku ya kwanza hata kama umelipia gari. Mtambulishe kwa mwalimu wa darasa kwa jina analopenda kuitwa. Mwonyeshe choo, bomba la maji na mahali gari linaposimama jioni. Kisha ondoka, kukaa dirishani kunamfanya aonekane zaidi.

Mpunguzie mzigo wa maswali jioni. “Umeshinda na nani leo?” linatosha. Akijibu “peke yangu” wiki ya kwanza, ni kawaida. Wiki ya nne si kawaida.

Fedha ya mfukoni inahitaji mazungumzo yake. Shule ya zamani alikuwa na mia tano ya mihogo ya kukaanga, barafu ya ubuyu na kachori kwa mama wa getini, na katika mia tano hiyo alijifunza kuchagua, kukopeshana na kugawana. Huku pengine hakuna anayeuza, chakula kinaletwa mezani, na kila mtu anakula kilekile mpaka sala ya kumaliza. Baadhi ya watoto hukosa hamu ya kula wiki nzima kwa kuwa wanatazamwa sahani. Mwombe mwalimu aruhusu apakuliwe kidogo mwanzoni.

Hatua ya saba: “kayumba” na suala la marafiki

Ataitwa mtoto wa Kayumba, yaani wa shule ya kawaida ya serikali. Hakuna shule binafsi nchini ambako watoto hawalijui neno hilo, na wengine hulisema bila ubaya wowote, kwa kuwa wamelisikia kwa wazazi wao. Usimfundishe matusi ya kurudisha. Usimwambie apuuze pia, kwa kuwa katika kundi dogo huwezi kumpuuza mtu unayekaa naye dawati moja mwaka mzima. Lililo bora ni kukubali kwa kifua wazi: “Ndiyo, nimetoka Kayumba. Tulikuwa tisini na nilikuwa wa saba.” Utani usiopata aibu ya kula hufa njaa wenyewe. Ukiendelea baada ya mwezi na kuwa wa kila siku, hapo ni uonevu, na mwalimu wa darasa aambiwe.

Watoto wa darasa hilo wamejuana tangu chekechea. Wana utani wao, ugomvi wao wa zamani, na aliyekuwa nafasi ya kwanza miaka yote anamtazama mgeni kwa jicho la pembeni. Shule kubwa mtoto akikosana na kundi moja anahamia jingine. Hapa kundi ni hilohilo. Kwa hiyo asiharakishe. Anayejipendekeza kwa kugawa kalamu na biskuti wiki ya kwanza hujikuta amekuwa duka. Amtafute mmoja, hata wa darasa la chini au la juu. Shule ndogo ina faida hiyo, madarasa huchanganyika kwenye gari, kwaya na usafi.

Kwaya ndiyo njia ya mkato. Mtoto mwenye sauti, au hata asiye na sauti ila anafika mazoezini, hupata watu wa kukaa nao haraka kuliko kwa njia nyingine yoyote. Mpira unafuatia, ingawa shule ndogo mara nyingi haitimizi timu ya kumi na moja, na hapo mvulana aliyekulia viwanja vya mchanga vya Makorora ana kitu ambacho wenyeji hawana. Mwache akitumie.

Marafiki wa mtaani msiwakate. Huu ndio ushauri ninaoupigania zaidi ya mwingine wote humu. Wazazi wengi wakishalipa ada wanaona mtaa utamharibia mtoto Kiingereza. Matokeo yake mtoto anapoteza watu wote kwa pamoja: wa zamani kwa amri, wapya hajawapata. Jioni ya Jumamosi mwache atoke na baiskeli yake acheze na wale aliosoma nao la kwanza. Atarudi na Kiswahili kitamu na roho iliyotulia, na Jumatatu Kiingereza kitakuwepo palepale alipokiacha.

Ikiwa shule ina adhabu ya kusema Kiswahili, kama kuvalishwa kibao shingoni, uliza mapema. Mimi siipendi, inamfundisha mgeni kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hajifunzi lugha yoyote. Omba mwanao apewe muhula wa kwanza bila kibao. Walimu wakuu wengi hukubali ukiomba kwa adabu, kabla hajakivaa.

Hatua ya nane: wewe na walimu

Shule ndogo inakufahamu. Mwalimu wa Sayansi ni mke wa mwinjilisti, mwenyekiti wa bodi ni mzee wa kanisa, mhasibu mnakutana soko la Mgandini. Lalamiko ulilolisema kwenye kundi la wazazi la WhatsApp saa mbili usiku asubuhi liko ofisini, na limeongezwa chumvi njiani. Basi usilalamike kundini kamwe. Anza kwa mwalimu wa darasa, ana kwa ana, ikishindikana mwalimu mkuu, ndipo bodi.

Omba kikao cha dakika kumi na mwalimu wa darasa wiki ya tatu, hata kama hakuna tatizo. Muulize: anainua mkono? Anacheza na nani mapumziko? Analala darasani? Hayo matatu yatakueleza zaidi ya alama za jaribio la kwanza.

Ada izungumzwe kabla haijachelewa. Shule ya msingi ya serikali haitozi ada, kwa hiyo mtoto hajawahi kuitwa jina kwa ajili ya deni. Huku akirudishwa nyumbani kwa ada, darasa zima linajua, tena kwa jina. Ukiona mwezi utakuwa mgumu, nenda kwa mhasibu kabla ya tarehe, muandikiane awamu. Hesabu pia vitu vidogo vinavyojitokeza: suti ya michezo, mahafali, picha, safari, sadaka ya ibada ya Ijumaa. Kila kimoja ni kidogo. Kwa muhula ni pesa.

Kuhusu viboko, usidhani shule ya kanisa haina. Kanuni za serikali zinazihusu shule zote: visizidi vinne, viwe kwa idhini ya mkuu wa shule, viandikwe kwenye kitabu cha adhabu, na msichana achapwe na mwalimu wa kike. Uliza kitabu hicho kinakaa wapi. Swali lenyewe linatosha kuwaambia wewe ni mzazi wa aina gani.

Hatua ya tisa: ripoti ya kwanza, na uamuzi wa mwisho wa mwaka

Mwezi wa sita ripoti itakuja. Aliyekuwa wa saba kati ya tisini amekuwa wa kumi na sita kati ya kumi na wanane. Usiisome nafasi kwanza. Linganisha jaribio la Machi na mtihani wa Juni, somo kwa somo. Hisabati ikipanda na nyingine zikibaki chini, lugha inafunguka na Sayansi itafuata. Vyote vikishuka pamoja, tafuta sababu nje ya lugha: usingizi, uonevu, njaa, macho. (Macho, ndiyo. Darasa la watu wachache mara nyingi ndipo mwalimu anapogundua kwamba mtoto hauoni ubao.)

Dalili za kutozoea hazifanani na uvivu. Tumbo linamuuma kila Jumapili jioni na kupona Ijumaa. Anaficha madaftari. Anamwomba mdogo wake asimfuate kwenye kituo cha gari. Amekataa kusali hata kwa namna ya nyumbani kwenu. Ukiona mbili kati ya hizo mpaka mwezi wa nane, kaa na mtoto, kisha kaa na mwalimu, na uwe tayari kusikia kwamba shule hiyo haimfai. Wapo watoto wanaochanua kwenye kundi kubwa, wenye raha kuwa mmoja kati ya mia, na hilo si kasoro.

Ukiamua kumrudisha shule ya serikali, zungumza na mwalimu mkuu wa shule aliyotoka mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kwa kuwa Januari ofisi yake imejaa wazazi wa darasa la kwanza. Maliza ada ya muhula ili shule unayoondoka isichelewe kumwachia kwenye mfumo. Namba yake ya PREM ni ileile. Na daftari la maneno alibebe. La saba atalihitaji, maana sekondari inayomsubiri, hata ile ya serikali, inafundisha kwa Kiingereza.